KISUKARI CHA MIMBA: KINGA IANZE KABLA YA MIMBA

Katika vijiji vingi vya Pemba, na Mgogoni ni kimojawapo, mama mjamzito hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekwisha kuonekana. Hupimwa uzito, presha, damu na mkojo, hupewa vidonge vya kuongeza damu, na huelezwa siku ya kurudi. Huduma hiyo ni njema na hapana budi iendelee. Hata hivyo yapo maradhi ambayo mizizi yake huwa imekwisha kushika kabla mama hajaufikia mlango wa kliniki, na miongoni mwao ni kisukari cha mimba. Makala haya yanaeleza maradhi hayo ni nini, kwa nini yanawahusu wakaazi wa kisiwa hiki, na kwa namna gani chakula na mazoezi ya mwili kabla ya mimba kutunga huweza kupunguza hatari yake.

Kisukari cha mimba ni kupanda kwa sukari katika damu kunakogunduliwa wakati wa ujauzito kwa mwanamke ambaye kabla ya hapo hakuwa na kisukari. Chakula cha wanga, kiwe wali, muhogo, ndizi au mkate, kikishasagwa tumboni hugeuka glukosi, yaani sukari inayosafiri katika damu. Kongosho, kiungo kilichopo nyuma ya tumbo la chakula, hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari hiyo njia iingie katika misuli na viungo vyengine. Mwanamke anapokuwa mjamzito, kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, ili sukari ibaki katika damu kwa muda mrefu kidogo na mtoto apate riziki yake. Huo ni utaratibu wa maumbile wala si maradhi. Kongosho lenye uwezo huongeza insulini hadi kiasi cha mara mbili au zaidi, na mama huendelea na shughuli zake bila ya kuhisi lolote.

Shida huja kwa mama ambaye mwili wake, tangu kabla ya mimba, ulikuwa umekwisha kuwa mzito wa kuitikia insulini, kwa sababu ya uzito uliozidi, kukaa bila ya kazi ya mwili, chakula kisicho na mizani, au maumbile ya kurithi. Kongosho lake huwa linafanya kazi ya ziada muda wote, na mimba inapoongeza mzigo wa pili, hushindwa. Homoni za kondo huzidi nguvu kuanzia katikati ya mimba, na ndiyo sababu kipimo cha maradhi haya kwa kawaida hufanywa baina ya wiki ya 24 na wiki ya 28. Kwa maneno mengine, mara nyingi mimba hufichua udhaifu uliokuwepo zaidi kuliko kuuleta.

Aghalabu maradhi haya hayana dalili. Kiu na kukojoa mara kwa mara ni mambo ambayo kila mjamzito huyajua, hivyo hayamshtui mtu. Kipimo kinachotegemewa ni cha damu: mama hupimwa asubuhi akiwa hajala kitu, kisha hunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, na hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, mama huhesabiwa kuwa na kisukari cha mimba iwapo kipimo chochote kimojawapo kitafikia 5.1 kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, kwa vipimo vya milimoli katika lita moja ya damu. Iwapo sukari itafikia 7.0 kabla ya kula, au 11.1 baada ya saa mbili, hicho huhesabiwa kuwa ni kisukari kamili kilichokutwa katika mimba.

Hatari yake si ndogo. Sukari ya mama hupita katika kondo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Mtoto hulazimika kutoa insulini yake mwenyewe kwa wingi, na insulini hiyo humnenepesha, hasa mabegani na kifuani. Hapo uzazi huwa mgumu: kichwa hutoka, mabega yakakwama. Mtoto huweza kuvunjika mfupa wa bega au kuumia mishipa ya mkono, na mama kuchanika au kuhitaji upasuaji. Baada ya kuzaliwa, sukari ya mtoto huweza kushuka ghafla, kwani ile aliyoizoea kutoka kwa mama imekatika na insulini yake bado ni nyingi. Kwa upande wa mama, huongezeka uwezekano wa kupanda kwa presha na kupata kifafa cha mimba. Mambo haya huweza kukabiliwa katika hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kwa mama ambaye uchungu umemshika usiku kijijini, na gari ya kumfikisha Wete au Chake Chake bado inatafutwa, ni jambo jengine kabisa.

Katika jamii yetu mtoto wa kilo nne na nusu hupokewa kwa vigelegele. Furaha hiyo haina makosa, lakini ifahamike kwamba mtoto mkubwa kupita kiasi huweza kuwa ni alama ya sukari ya mama isiyopata kupimwa. Mama aliyepata kuzaa mtoto wa namna hiyo, au aliyezaa mtoto mfu bila ya sababu kujulikana, au mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, anatakiwa amueleze mkunga habari hizo mapema pasina kusubiri kuulizwa.

Wala maradhi hayaishii katika uzazi. Baada ya mtoto kuzaliwa sukari ya mama kwa kawaida hurudi chini, na wengi hudhani mambo yamekwisha. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mwanamke aliyepata kisukari cha mimba huwa na hatari ya kupata kisukari cha ukubwani kiasi cha mara saba kuliko mwenzake asiyewahi kukipata. Uchunguzi mwengine wa aina hiyo, wa mwaka 2020, ulikadiria hatari hiyo kukaribia mara kumi. Mtoto naye huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mnene na kupata kisukari atakapokua. Kwa hali hiyo familia moja huweza kurithishana maradhi kwa njia ya tumbo la mama, mbali na njia ya damu.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni maradhi ya Ulaya na Marekani. Zamani kauli hiyo ilikuwa na ukweli fulani. Katika miaka ya 1980, madaktari wa Muhimbili walipopima watu wazima katika vijiji vya Tanzania Bara, walikuta chini ya mtu mmoja katika kila 100 mwenye kisukari. Na ripoti iliyochapishwa mwaka 1991 ilieleza kwamba uwezo wa wajawazito wa vijijini kuhimili glukosi haukudhoofika wakati wa mimba. Mwaka 2014 ikachapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa kwa wajawazito wa mjini na wa vijijini Tanzania Bara, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kisukari cha mimba kilikutwa kwa wanawake 8.4 katika kila 100 wa mjini, na kwa mmoja tu katika kila 100 wa kijijini. Vipimo vya miaka ile ya mwanzo si sawa na vya sasa, hivyo tarakimu hizo zisilinganishwe moja kwa moja. Lakini tofauti ya mjini na kijijini, iliyopimwa kwa kipimo kimoja na katika utafiti mmoja, inajieleza. Waliopimwa ni wananchi wa nchi moja. Kilichowatenga zaidi ni maisha.

Na maisha ya mjini sasa yamefika shamba. Mzee wa Pemba wa leo anakumbuka jinsi mama yake alivyoteka maji kisimani, akatwanga mpunga kwa mchi, akalima bonde, akachuma karafuu na kuzianua, na kuchanja kuni, yote hayo katika juma moja. Siku hizi maji ya mfereji yamefika mahali pengi, mpunga unakobolewa mashineni, na kwa safari ya nusu saa ya miguu huitwa bodaboda. Hakuna anayewatakia kina mama mateso ya zamani, na kila mfereji unaofunguliwa ni neema. Ila mwili haukupewa badala ya kazi iliyoondoka, huku chakula kikizidi kuwa chepesi kuliwa na kizito mwilini: mchele mweupe wa kutoka nje mchana na usiku, mkate wa boflo na maandazi asubuhi, chipsi jioni, soda kwa mgeni, na chai ya vijiko vitatu vya sukari kutwa mara tatu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 peke yake ina takriban gramu 35 hadi 40 za sukari, na Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2015 kwamba ni bora mtu mzima asizidishe kiasi cha gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima.

Si vibaya ikasemwa pia kwamba mikutano na semina za ofisi za umma hazijatoa mfano mwema. Maji na matunda vingeweza kukaa mezani mahali pa soda na sambusa, na gharama isizidi.

Tukija kwenye kinga, ushahidi mwingi unatokana na wauguzi wa kike wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi, wakijaza fomu za chakula na mazoezi yao kabla ya kushika mimba. Mwaka 2006 ilionekana kwamba kila gramu 10 za ziada za nyuzinyuzi za chakula kwa siku ziliambatana na kupungua kwa hatari ya kisukari cha mimba kwa asilimia 26. Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa hukaribia kiasi hicho. Waliokunywa soda nyeusi yenye sukari mara tano au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 22 kuliko wale walioinywa chini ya mara moja kwa mwezi. Mwaka 2014, kwa kuangalia mimba zaidi ya 20,000, watafiti walikuta kwamba wanawake waliotimiza mambo manne kabla ya mimba, yaani kula vizuri, kufanya mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, kutovuta sigara na kutokuwa na uzito uliozidi, walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 83 kuliko wale ambao hawakutimiza hata moja. Mwaka 2016 ikaongezeka kwamba wingi wa mbatata katika chakula cha kabla ya mimba uliambatana na hatari kubwa zaidi, na kwamba kubadilisha sehemu ya mbatata kwa mboga, jamii ya kunde au nafaka isiyokobolewa kuliambatana na kuipunguza. Kuhusu mazoezi peke yake, muhtasari wa tafiti mbalimbali wa mwaka 2011 ulikuta kwamba wanawake waliokuwa wakifanya kazi nyingi zaidi za mwili kabla ya mimba walikuwa na hatari ndogo kwa kiasi cha nusu kuliko waliofanya kidogo kabisa.

Matokeo hayo yametokana na kuangalia na kulinganisha, na wala hawakugawiwa watu kwa majaribio. Majaribio machache yaliyoanzishwa kabla ya mimba yalikuwa madogo, na baadhi yao hayakuonyesha tofauti. Kwa hiyo haifai kumuahidi mwanamke yeyote kwamba akila hivi na akitembea vile hatapata maradhi. Wapo wembamba wanaopata na wanene wasiopata, na aliyepata asilaumiwe. Lakini jambo moja linastahili kuzingatiwa. Nchini Uingereza, wanawake wanene 1,555 waliokwisha kuwa wajawazito waligawiwa makundi mawili, kundi moja likafundishwa kula na kufanya mazoezi kwa utaratibu maalumu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2015, kisukari cha mimba hakikupungua katika kundi hilo. Wataalamu wengi wamefahamu kutokana na hayo kwamba miezi michache ya mimba ni muda mfupi mno wa kurekebisha mwili uliozoea mwenendo wa miaka.

Chakula kinachotakiwa hakitoki ng'ambo. Kunde, choroko na mbaazi hulimwa hapa hapa. Kisamvu, matembele, mchicha na mtoriro hupatikana nyuma ya nyumba, na bahari ina dagaa, vibua na changu. Kinachohitaji kubadilika ni mpangilio wa sahani. Katika sahani ya kawaida wali hujaza, mchuzi ukarowesha na mboga ikawa pambo. Ipendeze zaidi mboga ikachukua nusu ya sahani, samaki au kunde robo, na wali, muhogo, ndizi au shelisheli robo iliyobaki. Wali na muhogo visiwekwe pamoja katika mlo mmoja. Tui zito lipunguzwe, na vya kukaanga viwe vya siku maalumu. Embe, chungwa au pera lililiwe zima, kwani likikamuliwa nyuzinyuzi huachwa katika chujio na sukari ikanywewa. Chai ipunguzwe sukari taratibu, kijiko kimoja kwa kila mwezi, na ulimi utazoea bila ya ugomvi.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji neno lake. Funga yenyewe hupumzisha tumbo, lakini futari ya muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati na sharubati kwa pamoja huweza kumfanya mtu amalize mwezi akiwa ameongezeka kilo. Katazo la israfu katika kula na kunywa linafahamika kwa kila aliyepita chuoni, na halikutoa ruhusa kwa wakati wa magharibi.

Jambo la uzito lina hesabu yake. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Jawabu la baina ya 18.5 na 25 ni la kawaida. Kwa mfano, mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 huwa katika kiasi cha kawaida akiwa na kilo 48 hadi 64. Aliyezidi hahitaji kuifikia tarakimu hiyo ndipo afaidike; hata kupungua kilo chache huusaidia mwili kuitikia insulini. Aliye chini ya kiasi hicho asipunguze chochote. Upungufu wa damu umekuwa tatizo la muda mrefu Pemba, na kujinyima chakula kabla ya mimba ni kumdhulumu mtoto kabla hajaumbwa. Asiyekuwa na damu ya kutosha ashughulikie hilo mwanzo, na kila anayetarajia kushika mimba aulize kituoni habari ya vidonge vya foliki asidi, ambavyo humkinga mtoto na ulemavu wa uti wa mgongo na hufaa kuanzwa kabla ya mimba.

Mazoezi hayana maana ya kukimbia barabarani. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata insulini ikiwa dhaifu, na faida hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya kazi kwisha. Kulima, kutwanga, kuchota mwani pwani, kufua kwa mikono, na kutembea kwa hatua za haraka hadi pumzi ibadilike bila ya kushindwa kuzungumza, yote huhesabika. Nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, hutimiza dakika 150. Mke wa shamba anayelima kweli kweli huenda ameshatimiza na kuzidi. Anayehitaji zaidi shauri hili ni karani, mwalimu wa skuli na muuza duka, ambao hukaa kitako kuanzia asubuhi. Hao wanaweza kushuka gari vituo viwili kabla ya nyumbani, au kutembea na shoga zao baada ya alasiri wakiwa na nguo zao za kawaida za heshima.

Wakati unaofaa kuliko wote ni ule wa maandalizi ya harusi. Mwari huwekwa ndani, akasingwa, akalishwa na kupumzishwa, na uso uliojaa huhesabiwa kuwa ni dalili ya kutunzwa. Baada ya harusi, kunenepa kwa bibi harusi hutajwa kuwa ni sifa ya mume. Mara nyingi mimba ya kwanza hufuata baada ya miezi michache tu. Singo na mapambo hayana dhara. Kinachoombwa kwa masomo na makungwi, ambao neno lao husikilizwa kuliko la daktari, ni kwamba miezi hiyo isiwe ya maandazi na kulala. Na mume, ambaye ndiye anunuaye sukari, mchele na mafuta, hana udhuru wa kumuachia mke peke yake jambo ambalo pesa zake ndizo zinazoliamua. Akiwa anavuta sigara, na aache, au angalau moshi usiingie ndani.

Kwa mama aliyekwisha kupata kisukari cha mimba, muda baina ya mimba moja na nyengine ndio wake wa kujikinga. Anatakiwa apimwe tena sukari baina ya wiki 6 na wiki 12 baada ya kujifungua, hata akijihisi mzima, na baadaye angalau kila baada ya miaka mitatu. Kumnyonyesha mtoto humsaidia mama pia, kwani wanaonyonyesha kwa muda mrefu huonekana kupata kisukari cha ukubwani kwa uchache zaidi.

Ama mwanamke ambaye tayari ana kisukari au presha na anatarajia kushika mimba, aonane na daktari kabla, akiwa na dawa zake zote mkononi. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, humdhuru mtoto na hubadilishwa mapema, na sukari inatakiwa iwe imetulia kabla ya mimba kutunga, kwa kuwa moyo na uti wa mgongo wa mtoto huumbika katika wiki za mwanzo, wakati ambapo mama pengine hajajua kuwa ni mjamzito.